Ghala, mkoba au shamba? Maswali ya wasomaji kuhusu kujiandaa na maafa

Barua tatu kati ya zile zilizotufikia kutoka Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, zinahusu jambo moja, yaani namna ambavyo jamaa inaweza kujiandaa na maafa na kujitegemea yanapotokea. Tumezifupisha na kuyaacha majina ya waliotuandikia.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mshauri, sisi ni ndugu wawili tunaoishi katika parseli (kiwanja) moja hapa Goma, kartiye (mtaa wa) Ndosho, pamoja na mama yetu mzee, wake zetu na watoto. Jumla tuko watu 11. Mdogo wangu hutazama video za Wamarekani wanaojiandaa na mwisho wa dunia, na kidogo kidogo amejaza chumba kizima: magunia ya maharage na unga, mapipa ya maji, jenereta na madumu ya petroli. Sasa anataka tuchange fedha tuinue ukuta na kuweka nyaya za miiba juu yake. Mimi naona anapoteza mali, maana mwaka 2021 tulikimbia na nguo tulizovaa tu. Kwangu mkoba mmoja karibu na mlango unatosha. Mama anatucheka sote wawili, anasema mwenye akili angenunua shamba Minova. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU

Ndugu msomaji, hamwelewani kwa sababu kila mmoja wenu anajiandaa na maafa yake. Hapa Goma kuna maafa yanayomtoa mtu nyumbani na kuna yanayomfungia humo humo, na kinachookoa katika aina moja huwa mzigo katika nyingine. Kabla hamjabishana tena juu ya magunia, kubalianeni kwanza juu ya hilo.

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, humtoa mtu nyumbani. Lava yake ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi duniani, kwa hiyo hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 iliwakuta watu wa vijiji vya mtelemkoni kabla hawajapata nafasi ya kuondoka. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka kutoka mlimani kuelekea mjini, lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu, huku ikiukata mji vipande viwili. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 ilianza jioni na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, magma ilipokuwa ikitembea chini ya mji na chini ya ziwa, kartiye 10 kati ya 18 ziliamriwa kuhama. Siku kama hizo chumba cha mdogo wako hakina kazi. Pipa la lita 200 lina kilo 200 za maji peke yake, na hakuna chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo) itakayolipitisha kwenye barabara ya Sake, magharibi mwa mji, ikiwa imejaa watu, magari na mbuzi.

Mwishoni mwa Januari 2025 mambo yalikuwa kinyume. Vita vilipoingia mjini, watu walijifungia ndani siku kadhaa bila umeme, bila maji ya bomba na bila intaneti, na benki zilifunga milango zisifungue tena kwa muda mrefu. Mwenye bidoni (madumu ya maji) zilizojaa alikaa chini ya kitanda na watoto wake; asiyekuwa nazo alilazimika kushuka ziwani kuchota wakati risasi bado zinalia. Katika wiki ile mkoba wako, ndugu, ungekaa mlangoni bila kumsaidia mtu, na mdogo wako angekuwa na haki ya kukutazama bila kusema neno.

Kwa hiyo msitupe chumba wala mkoba. Kinachofaa kutupwa ni fikra iliyokuja pamoja na zile video. Mtindo huo ulikua Marekani wakati wa vita baridi. Mwaka 1961 Rais Kennedy mwenyewe aliwahimiza raia wafikirie mahali pa kujificha dhidi ya vumbi la mabomu ya nyuklia. Hatari waliyoiogopa ilikuwa nje, nyumba ndiyo iliyokuwa kimbilio, na jirani asiyejiandaa alionekana kuwa mtu atakayekuja kubisha hodi kuomba chakula. Kwa mtu anayeishi peke yake shambani, maili nyingi kutoka kwa mwenzake, huenda kuna mantiki. Kwa parseli ya Ndosho yenye majirani pande zote nne, haipo.

Na wala si kila nchi tajiri imefuata njia hiyo. Uswisi, tangu sheria ya mwaka 1963, inataka kila mkaazi awe na nafasi katika kimbilio la chini ya ardhi. Uswidi hutuma kijitabu katika kila nyumba kikiwataka raia wajiweke tayari kujikimu wenyewe kwa wiki moja, ili vyombo vya serikali vishughulike kwanza na wasiojiweza. Hizo ni njia za serikali inayojua kila mtu analala wapi. Sisi ambao anwani yetu ni “nyuma ya kanisa, uliza kwa fundi cherehani” tusiitegemee sana. Iliyo karibu nasi zaidi ni ya Bangladesh. Baada ya kimbunga cha mwaka 1970 kuua watu zaidi ya 300,000, waliunda mwaka 1972 mpango wa watu wa kujitolea ambao, onyo likitoka, hupita kijijini na vipaza sauti, wanajua bibi yupi hawezi kutembea na nani ana mtumbwi. Vimbunga havikupungua nguvu, lakini vifo vimepungua mno.

Hapo ndipo napinga ukuta. Tetemeko la Kobe nchini Japani, tarehe 17 Januari 1995, siku na mwezi ule ule wa volkano yetu ya 2002, lilionyesha kwamba wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na jamaa na majirani, kabla waokoaji wenye vifaa hawajafika. Ukuta wenye miiba humzuia mwizi kidogo, humzuia jirani kabisa, na kumtangazia kila mpita njia kwamba ndani kuna kitu. Fedha hizo zina kazi nyingine.

Tuanze na maji, kwa kuwa mji wetu umekaa juu ya mwamba wa lava ambapo kuchimba kisima ni ndoto. Mtu mmoja anahitaji takriban lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia chakula chepesi. Kiwango ambacho mashirika ya misaada hukilenga kwa mahitaji yote, pamoja na kuoga na kufua, ni lita 15. Kwa watu 11, maji ya kunywa peke yake ni lita 33 kwa siku, na kwa wiki nzima ni lita 231, yaani bidoni 12 za lita 20. Badilisheni mapipa kwa bidoni. Bidoni moja ikiingia uchafu, 11 zinabaki safi. Kijana anaweza kuibeba. Na mkilazimika kuhama mnaweza kuondoka na mbili. Ziwe na vifuniko, zikae kivulini, na maji yake yatumiwe na kujazwa upya kwa zamu, ili yasikae miezi.

Maji ya ziwa au ya mvua yapitisheni kwanza kwenye kitambaa safi, kisha yachemke vizuri kwa dakika moja au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa nusu saa. Makala (mkaa) yakikosekana, jazeni maji yasiyo na tope katika chupa za plastiki zinazoonyesha ndani na mzilaze juu ya bati: saa 6 jua likiwaka, siku 2 kukiwa na mawingu. Mlima ukianza kumwaga majivu, ondoeni haraka mfereji wa bati kwenye tangi. Majivu na mvua iliyopita katika moshi wa volkano hubeba asidi na floraidi, na floraidi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini.

Kuhusu chakula, mdogo wako amekosea kwa jambo dogo lenye gharama kubwa. Maharage makavu yanadai saa nyingi motoni, na barabara ikifungwa, makala ndiyo ya kwanza kupanda bei mjini. Hebu ahesabu: kwa magunia aliyonayo, ana magunia mangapi ya makala? Kama hana, apunguze maharage na aongeze vinavyoliwa kwa moto mdogo au bila moto: karanga za kukaanga, unga wa masoso wa uji, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) waliokaushwa vizuri, sukari, chumvi, mafuta. Maharage yatakayobaki yalowekwe usiku kabla ya kupikwa. Unga usiwekwe chini kwenye saruji. Uinuliwe juu ya mbao, kwa sababu unyevu huleta ukungu wenye sumu ambayo kupika hakuiondoi. Na kila mwezi mama wa nyumba achote kutoka humo kwa ajili ya chungu cha kawaida, kisha anunue kipya cha kuziba nafasi. Wajapani wengi hufanya hivyo hivyo, nao hawahitaji chumba kizima.

Jenereta iuzwe, na madumu ya petroli yatoke nyumbani leo. Nalisema hili bila kubembeleza. Siku chache baada ya volkano ya 2002, makumi ya watu waliungua hadi kufa katika kituo cha mafuta hapa Goma, walipokuwa wakichota mafuta karibu na lava iliyokuwa bado na moto. Bamba dogo la jua lenye taa mbili na waya wa simu litawapa mnachohitaji. Na mkijifungia ndani kwa sababu ya risasi, jiko la makala lisiingie chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Sasa mkoba wako. Mmoja hautoshi watu 11. Kila mtu mzima awe na wake, mwepesi kiasi cha kutembea nao hadi Sake bila kupumzika sana. Wa mama yenu ubebwe na mtu aliyetajwa jina tangu leo, na ndani yake ziwemo dawa zake za wiki mbili. Wekeni kadi za kura, hati ya parseli na diplome katika mfuko wa plastiki, na picha zake katika simu ya ndugu aliye mbali. Wekeni tochi, viatu vilivyofunika mguu, blanketi nyepesi, kitambaa cha kufunika pua, na chupa ya maji kwa kila mtu. Pakiti ndogo ya sukari na chumvi ina thamani kuliko inavyoonekana, kwani kambi zilizojaa huandamana na kipindupindu: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, humsaidia anayeharisha mpaka afikishwe kwa mganga wa hospitali. Fedha ziwe franka na dola kidogo za noti ndogo zisizo na alama. Mnajua wenyewe kwamba dola yenye tundu, hata kama ni la sindano, hakuna atakayeipokea, siku ya kukimbia ndiyo kabisa. Msiweke zote kwenye simu, kwani mtandao ukianguka huwa zimefungwa nao.

Mwaka 2021 mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Kila mtoto wenu awe na jina lake, la baba na la mama, na namba mbili za simu, vimeandikwa kwenye kitambaa na kushonwa ndani ya nguo. Mtoto mwenye hofu husahau hata jina la ukoo wake. Chagueni mahali pawili pa kukutana, pa kwanza upande wa Sake na pa pili upande wa mpaka wa Gisenyi, Rwanda, kwa sababu lava inaweza kuwaacha baadhi yenu huku na wengine kule, kama ilivyowatokea watu wa 2002.

Amebaki mama yenu, ambaye nadhani ameona mbali kuliko ninyi. Shamba halitawalisha wiki ya maafa. Maharage yanataka miezi kama mitatu, mahindi zaidi, na njia ya Minova yenyewe hufungwa mara kwa mara. Lakini muhogo unaweza kukaa ardhini mwaka mmoja na zaidi ukisubiri mwenyewe, na hakuna anayeweza kuuiba wote kwa usiku mmoja. Nisingewashauri mnunue ardhi msiyoilima, mahali ambapo kesi za mipaka ya mashamba huzidi mavuno. Tafuteni jamaa aliyeko huko, mlime pamoja naye kwa makubaliano, mmpelekee mbegu na majembe, na mmwachie nguo zenu chache na gunia moja. Siku mtakayofika mguu kwa mguu mtakuwa mnarudi kwenye shamba lenu, na mwenyeji hatashtuka kuona watu 11 mlangoni pake.

SWALI LA PILI

Mshauri wetu, mimi ni mama wa watoto wanne, ninauza ndizi karibu na soko la Virunga, na ninachopata mchana ndicho tunachokula jioni. Kila mara tunasikia redioni kwamba tuweke akiba. Tuiweke kwa kitu gani? Na tukikimbia tusipokuwa na ndugu upande wowote, tulale wapi?

JIBU

Mama, shikamoo na pole kwa kazi. Maneno mengi juu ya akiba huandikwa na watu wenye mshahara, nawe una haki ya kukasirika.

Maji hayadai mtaji. Bidoni mbili kuukuu zilizooshwa vizuri, zikijazwa siku bomba linapotoka na kubadilishwa maji kila wiki, ni kinga kubwa kuliko gunia la unga. Kwa fedha, ninyi wauzaji tayari mna likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, na humo ndimo pa kuanzia. Pendekeza kwa wenzako kwamba kila anayepokea zamu yake aache sehemu ndogo katika sanduku la maafa, na kwamba fedha hiyo isiguswe kwa harusi, kwa msiba wala kwa ada ya shule. Wanawake wawili washike nusu nusu, wakiishi kartiye tofauti, mmoja kwa noti na mwingine kwenye simu. Mkiweza, nunueni pamoja turubai moja kubwa na sufuria moja kubwa. Kikundi cha wanawake kumi kinachofika kambini pamoja na turubai lao na sufuria yao hupata mahali na kusikilizwa. Mama mmoja mwenye watoto wanne husukumwa nyuma.

Kuhusu mahali pa kulala, lipo jambo moja ambalo linaweza kuwaua watu waliokwisha kuokoka. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Kyeshero kwenda Bulengo, kuna mazuku: kabonidioksaidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haina rangi. Huzidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia, na huwapata kwanza watoto na mbuzi kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Usilaze watoto shimoni hata kama panaonekana pamekingwa na upepo. Panda mahali palipoinuka, na ukikuta wadudu au ndege waliokufa bila sababu, ondoka. Mtu akianguka humo, usiingie kumvuta, utaanguka juu yake; mvuteni kwa kamba kutoka juu kama ipo.

Gesi hiyo hiyo imelala kwa wingi ndani ya maji ya kina ya Ziwa Kivu pamoja na metani, na ndiyo iliyotia hofu mwezi Mei 2021. Mwaka 1986 gesi iliyotoka ziwa dogo la Nyos, nchini Kameruni, iliua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Dhidi ya hilo hakuna akiba wala mkoba. Kuna kuondoka unapoambiwa. Sikiliza basi redio na tangazo la Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, na ujue rangi zake nne, kijani, njano, rangi ya machungwa na nyekundu, badala ya kukimbia kwa kila ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu.

SWALI LA TATU

Bwana Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa Bukavu, naishi Kadutu. Wenzetu wa Goma wana mlima wa moto, sisi hatuna. Je, mambo haya yanatuhusu?

JIBU

Kijana wetu, Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa pili wa mto Ruzizi, na nyumba zikaanguka juu ya watu. Mwezi Mei 2023, katika teritwari ya Kalehe iliyo jirani nanyi, mvua ya siku moja iliteremsha mawe na tope juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Maafa ya Bukavu hayana mlima wa kutazamwa kwa macho, na kwa hiyo hayaheshimiwi.

Kadutu imejengwa juu ya mtelemko. Ufa mpya ardhini au ukutani, mlango uliokuwa ukifungwa vizuri na sasa unagoma, mti au nguzo iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope bila mvua: ukiona mojawapo wakati wa masika, usilale humo usiku huo, hata kama mzee wa nyumba anasema imesimama miaka 30. Maji ya bati yaelekezwe kwenye mfereji, yasimwagike nyuma ya nyumba ya jirani wa chini, kwani hapo ndipo ardhi hulegea.

Moto ndio adui wenu wa kila mwaka. Nyumba za mbao zimebanana, na njia nyingi za kupita ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hawapishani. Wewe na wenzako wa avenyu (barabara yenu ya mtaa) mna miguu na mna muda wa jioni. Piteni na chifu wa avenyu, mhesabu njia zilizozibwa na vibanda, mwaombe wenye vibanda wasogeze walau meza na magunia usiku, kisha kila nyumba iweke ndoo ya mchanga karibu na jiko. Wenye nyumba watanung'unika mwanzoni, hasa wale waliokwisha kupanga kujenga chumba kingine juu ya njia hiyo. Nendeni kwao mkiwa na wazee wa avenyu, msiende vijana peke yenu.